Daftari, ushuhuda, sadaka au Zaburi: umshukuru Mungu kwa njia ipi?

"Shikamoo mama. Nina elfu themanini. Nitoe sadaka ya shukrani au niite watu nyumbani?"

Kijana aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka hospitali wiki tatu kabla, baada ya upasuaji wa kidole tumbo. Tulikuwa tumemaliza ibada ya jumuiya, watu wanatafuta viatu vyao mlangoni, nami nawahi daladala. Nikamjibu jibu la uvivu: "Fanya moyo unavyokutuma, mwanangu." Nilipofika kituoni nilikuwa nimeshajuta. Moyo wake ulikuwa umeshamtuma, ulimtuma aje aulize.

Zaburi ya 116 ina swali lile lile. Mwimbaji wake alizungukwa na kamba za mauti, akapona, kisha akauliza: "Nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" Hakuna anayemjibu. Anajijibu mwenyewe: atakipokea kikombe cha wokovu, atalitangaza jina la Bwana, ataziondoa nadhiri zake mbele ya watu wote, atatoa dhabihu ya kushukuru. Hata yeye hakuishia njia moja.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri. Nimehesabu bahasha nyingi za shukrani, nimesikiliza shuhuda ndefu na fupi, na nyumbani nina madaftari mawili na nusu niliyoyajaza mwenyewe. Kwa hiyo nazilinganisha njia hizi kama mtu aliyezitumia, na kila moja naiuliza maswali matatu. Siku mbaya itafanya kazi? Nani mwingine ananufaika nayo zaidi yangu? Na ikiharibika, inaharibika vipi? Swali la tatu ndilo watu hulisahau, maana tunadhani shukrani haiharibiki. Inaharibika kama maziwa.

Neno moja kwanza kuhusu shukrani na sifa, kwa sababu tunayatumia kama pacha. Shukrani hutaja alichotenda Mungu, sifa hutaja alivyo. Zaburi ya 116 ni ya mtu aliyetoka kaburini. Zaburi ya 150 haina mgonjwa wala mfungwa, ni baragumu, matari na matoazi, na kila mwenye pumzi anaitwa aimbe. Ukiwa na jambo la kutaja, anza na shukrani. Ukiwa huna, sifa bado ipo, kwa sababu yeye hajabadilika.

Daftari au Zaburi

Hizi mbili ni za faraghani, ndiyo maana naziweka pamoja. Hazigharimu kitu zaidi ya kaunta buku na dakika chache.

Nguvu ya daftari iko kwenye udogo wa mambo. Katika langu kuna mistari kama hii: "Umeme umerudi samaki hawajaharibika." "Mwenye duka amekubali nilipe mwisho wa mwezi." "Leo sikumjibu wifi." Mambo ya namna hiyo hayafiki madhabahuni, na usipoyaandika yanayeyuka kabla ya alfajiri. Zaburi ya 103 inaiambia nafsi isizisahau fadhili zake zote, maana yake nafsi ni sahaulifu na inahitaji kukumbushwa.

Wanasaikolojia nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya kuwataka wanafunzi waandike mara moja kwa juma, kwa majuma kumi. Wengine waliandika mambo ya kushukuru yasiyozidi matano, wengine kero zao, wengine matukio tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na walilalamika maumivu ya mwili kidogo kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake wakaeleza jambo lililonifurahisha zaidi: walioandika mara moja kwa juma ndio walionufaika, walioandika mara tatu kwa juma hawakupata nafuu hiyo. Nikaliamini haraka, kwa kuwa daftari langu la kila siku lilikuwa limeshakuwa kitabu cha mahudhurio. Afya, watoto, kazi. Afya, watoto, kazi. Nikahamia Jumamosi jioni, na mistari ikarudi kuwa na uhai.

Ila daftari lina tundu, na Biblia inalionyesha kwa mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, akaongezewa miaka 15, na Isaya 38 inatupa maandiko yake aliyoyaandika baada ya kupona. Ni maandiko mazuri, yanasikitisha na kufurahisha. Lakini ukifungua 2 Mambo ya Nyakati 32:25 unakuta kwamba Hezekia hakurudisha kadiri alivyofadhiliwa, kwa kuwa moyo wake uliinuka. Alishaandika, kumbe kuandika hakukumzuia. Unaweza kuwa na daftari limejaa na mikono imekunjwa.

Tundu la pili nililiona mwenyewe. Mwaka aliofariki mama yangu, daftari halina mstari wowote kuanzia Machi hadi Juni. Kuna ukurasa wenye alama ya duara ya kikombe cha chai, basi. Daftari linakutaka ulete kitu, na mimi sikuwa na cha kuleta.

Zaburi haikutaki ulete kitu. Maneno yameshawekwa, wewe unatia sauti tu. Ile ya 136 ina aya 26, na kila aya inaishia pale pale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Kwa mtu mwenye furaha inachosha. Kwa mtu asiyelala ni kamba ya kushikilia gizani, unasogea mkono mmoja baada ya mwingine. Ya 107 inapanga makundi manne ya watu, waliopotea jangwani, waliofungwa, waliougua na waliokumbwa na dhoruba baharini. Usiku mmoja nilisoma hiyo nikitafuta kundi langu, nikalala kabla sijalipata. Na ya 88 inaishia gizani kabisa, haina "lakini" ya kuokoa mwisho, na bado imo katika kitabu kile kile cha sifa. Aliyeipanga humo alituruhusu.

Wakatoliki wametuzidi katika hili kwa Masifu ya asubuhi na ya jioni. Katika abasia za Wabenediktini, Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906, Zaburi huimbwa kila siku, awe mtawa kalala vizuri au kakesha na jino. Upande huu aya, upande ule aya. Ukikwama, wa upande wa pili anaendelea.

Zaburi inaharibikaje? Mdomo unakwenda peke yake. Isaya alishawaona watu wanaomkaribia Mungu kwa midomo huku mioyo iko mbali. Lakini afadhali kosa hilo kuliko la daftari, kwa sababu mdomo uliozoea unaweza kuusubiri moyo. Ukiniambia nichague moja tu kati ya hizi mbili nitachukua Zaburi, na daftari nitalifanya mgeni wa Jumamosi.

Hapa nidokeze aya inayotumika kuwapiga watu wenye msiba: "Shukuruni kwa kila jambo," 1 Wathesalonike 5:18. Kigiriki chake ni "en panti", yaani katika kila hali. Paulo hakumwambia mtu ashukuru kwa ajili ya saratani. Anamwambia kwamba hata humo ndani ya saratani mlango wa shukrani haujafungwa. Tofauti ya neno moja dogo, na nimeona mjane akilia kwa sababu mtu hakuijua.

Ushuhuda au bahasha

Sasa tutoke hadharani. Ushuhuda ni bure na unasikika, bahasha ina gharama na haisikiki. Wengi huchagua kwa tabia zao: msemaji anasimama, mpole anaweka bahasha. Nadhani ingekuwa bora kinyume chake.

Hoja ya ushuhuda iko Luka 17. Wakoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wote walikwenda. Wale tisa tunawaonea kidogo, hawakuasi, walifanya walichoagizwa. Mmoja tu alipojiona amepona aligeuka njiani akarudi, "huku akimtukuza Mungu kwa sauti kuu". Yesu hakumwambia kwamba angeweza kushukuru kimyakimya nyumbani. Aliuliza wako wapi wale wengine.

Kwetu Afrika Mashariki ushuhuda una historia yake. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Balokole, yaani waliookoka, walisimama wakaitaja dhambi kwa jina lake, wakaitaja damu ya Yesu, kisha wote wakaitikia kwa Kiganda, Tukutendereza Yesu, tunakusifu Yesu. Mpangilio ulikuwa huo: aibu yangu, rehema yake, sifa yetu sote. Shuhuda nyingi za siku hizi zimeangusha kipande cha kwanza njiani. Zinaanza na gari.

Nami siko nje ya lawama hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya usharika kushukuru kwa kazi niliyoipata. Nilisema vizuri, nikalia kidogo mahali panapostahili, nikamalizia kwamba Mungu hamwaibishi anayemtumaini. Makofi. Nilipokuwa narudi kwenye benchi nikamwona dada mmoja wa kwaya amekiinamia kitabu chake cha nyimbo, naye hakuwa anasoma. Alikuwa ameiomba kazi ile ile. Tulikaa pamoja siku ya usaili, tukagawana pakiti ya karanga. Kumbe nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba yeye ndiye asiyemtumaini Mungu. Miezi saba baadaye mkataba wangu haukuongezwa, na hakuna aliyeniita nije kulishuhudia hilo.

Ushuhuda huharibika hivyo, na Yesu alishautolea mfano: Farisayo naye alianza na "Ee Mungu, nakushukuru", kisha akaendelea, "kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Ni sala ya shukrani kwa kila kipimo, isipokuwa kwamba ndani yake kuna mtoza ushuru anayekanyagwa. Kwa hiyo vijana wa kipaimara nawafundisha kipimo kimoja cha ushuhuda: useme namna ambayo aliyekosa ulichopata anaweza kuitikia Amina bila kumeza kitu kigumu. Taja waliotumika, nesi, jirani, mwalimu. Usitoe ushauri. Kaa chini kabla hawajaanza kutazama saa.

Bahasha haina hatari hiyo. Mkono wa kushoto haujui ufanyalo wa kuume, na aliyekosa hakanyagwi. Lakini ina uozo wake, na huo nauona nikiwa mezani na wahesabuji. Nyuma ya bahasha za shukrani watu huandika maneno. Zamani niliona "Asante Mungu kwa mtoto". Sasa naona "Mungu nifungulie biashara", "Mungu nipe mume mwaka huu". Wamefundishwa kwamba sadaka ni mbegu, ukipanda utavuna. Sitaki kubishana na kila mhubiri, ila kwa Kiswahili cha kawaida shukrani hutazama nyuma na malipo ya kutanguliza hutazama mbele. Bahasha yenye ombi ni ombi. Iite hivyo, Mungu anapokea maombi pia, na bila ada. Wala shukrani si fungu la kumi lililobadilishiwa jina. Anayepunguza la kwanza ili aongeze la pili anahamisha fedha tu kutoka mfuko mmoja wa koti kwenda mwingine.

Iko njia ya tatu katikati ya bahasha na ushuhuda, nayo ni sadaka ya mazao yenye mnada wake. Jumapili moja ya mavuno bibi mmoja alileta jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Baada ya ibada tukatoka nje chini ya mwembe, na dalali wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, akaanza na elfu kumi. Kumi na mbili, kumi na tano, ishirini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akamaliza na thelathini na tano, akalipa kwa simu pale pale. Kisha akamchukua jogoo, akamwendea bibi na kumrudishia kwa mikono miwili. Bibi akarudi nyuma hatua moja. "Huyu si wangu tena, baba." Wakasukumiana jogoo mbele ya usharika mzima, watu wanacheka hadi machozi, mpaka mchungaji akaamua apigwe mnada upya. Jogoo yule aliuzwa mara mbili siku ile, akaishia kwa mlinzi wa kanisa.

Hakuna bahasha inayoweza kufanya hivyo. Ni karibu sana na Kumbukumbu la Torati 26, pale Mwisraeli anapobeba kikapu cha malimbuko na kusimulia kwa sauti habari za babu yake aliyekuwa akitangatanga: mkono una kitu na mdomo una historia. Mnada nao una kasoro, tusifiche. Wenye fedha hushindana, na mama aliyeleta mayai manne husikia yakiuzwa kwa haraka ili wafike kwenye mbuzi. Dalali mzuri hujua kuyapigia mayai kelele kuliko mbuzi.

Mapambio au sala ya kitabuni

Hapa nitapita haraka, maana ugomvi huu umeshaandikiwa vya kutosha. Pambio lina mwili. Asiyejua kusoma analiimba, mtoto analiimba, na linabaki kichwani hata unapofua. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa wamefungwa miguu kwenye mkatale, bila kinanda wala spika, na Luka anaongeza kwamba wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Pambio huharibika pale kiongozi anapomlazimisha kila mtu apige makofi. "Mwambie jirani yako leo ni siku yako!" Jirani yangu amezika juzi. Mithali 25:20 inasema kumwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni ni kama kuvua nguo wakati wa baridi. Viongozi wa sifa waibandike aya hiyo kwenye kipaza sauti.

Sala ya kitabuni haina mwili, ila ina mwisho, na hilo ni jema kuliko tunavyodhani. Katika Katekisimu Ndogo ya 1529 Martin Luther aliwawekea watu sala ya asubuhi inayoanza kwa kumshukuru Baba aliyewalinda usiku, na ya jioni inayomshukuru kwa kuwalinda mchana. Baada ya ile ya asubuhi anasema nenda kazini kwa furaha. Baada ya ile ya jioni, lala mara moja. Kwa mama mwenye watoto watatu na mwajiri mmoja, hii ndiyo njia pekee kati ya zote inayoingia kwenye siku yake bila kusukuma kitu nje. Ignasi wa Loyola, wa karne ile ile, naye aliiweka shukrani hatua ya kwanza ya sala ya kujichunguza, kabla hujagusa dhambi zako. Kwanza ulichopewa, ndipo ulichoharibu. Nimejaribu kinyume chake, sikufika kwenye shukrani.

Meza

Njia inayosahaulika zaidi ndiyo ya kale zaidi. Mambo ya Walawi 7 inaeleza sadaka ya shukrani: mnyama, na mikate ya namna kadhaa, hata iliyotiwa chachu. Kisha inakuja amri inayoonekana ya jikoni tu: nyama yake italiwa siku iyo hiyo, isibaki hata asubuhi. Hebu fikiri, una mnyama mzima na una mpaka kesho asubuhi. Huwezi kummaliza na mkeo na watoto wawili. Amri haisemi "alika watu", lakini huna jinsi, utawaita majirani. Mungu aliiwekea shukrani muda wa kuharibika ili isiwekwe kabatini.

Ndiyo maana swali la kijana yule, atoe sadaka au aite watu, lingemshangaza Mlawi. Kwake lilikuwa jambo moja. Hata neno Ekaristi ni la Kigiriki na maana yake ni shukrani, nayo ni meza. Bwana aliutwaa mkate akashukuru usiku ule ule aliotolewa, na Mathayo anasema waliimba kabla ya kutoka kwenda mlima wa Mizeituni. Zaburi ambazo Wayahudi huimba Pasaka ni za 113 hadi 118, na ya 116 imo humo. Kama unatafuta njia iliyopimwa kwa siku mbaya, hakuna siku mbaya kuliko ile.

Meza yetu sisi inaharibika kwa turubai. Unajua mwenyewe: "ibada ya shukrani" yenye MC, mapambo ya rangi mbili, keki ya ghorofa na kadi za michango zilizotumwa miezi miwili kabla. Mtu anamshukuru Mungu kwa fedha za kukopa, kisha anaomba Mungu amsaidie kulipa deni la shukrani. Waalikwa ni wale wale wanaoweza kumwalika naye. Yesu alitaja orodha nyingine katika Luka 14: maskini, vilema, viwete, vipofu, kwa sababu hawana cha kukulipa. Turubai ya watu mia tatu naipa alama ndogo kuliko sufuria moja ya wali.

Jambo jingine la mezani, nalo ni la bure kabisa. Sisi huomba kabla ya kula, wengi kwa mwendo wa kasi kwa sababu chakula kinapoa. Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema: utakula na kushiba, nawe utamshukuru Bwana. Baada ya kushiba. Wayahudi wanaifuata hadi leo. Inaeleweka kwa nini, mwenye njaa anamkumbuka mtoaji bila kufundishwa, aliyeshiba ndiye anayenyanyuka akisugua tumbo na kusahau. Kama huna daftari, huna fedha, huwezi kusimama mbele za watu na hujui kuimba, anzia hapo.

Basi yupi achukue ipi? Mwenye maisha yanayokwenda sawa na moyo unaoanza kuzoea, daftari la mara moja kwa juma. Aliyefiwa, Zaburi, na asidaiwe kingine chochote mwaka huo. Mpole anayejificha nyuma ya bahasha, asimame mara moja aseme dakika mbili. Msemaji, akae chini na atafute bahasha. Na aliyeponywa kupitia mikono ya watu wengine, huyo namtuma mezani bila kusita.

Kijana nilimpigia kesho yake. Nikamwambia aweke elfu kumi kwenye bahasha, asiandike kitu nyuma, zinazobaki azipike. Nikamuuliza ni akina nani waliomshika mkono. Akawataja bila kufikiri: jirani aliyekaa naye wodini siku mbili, binamu aliyechangia damu, na dereva wa bodaboda aliyembeba saa nane usiku amejikunja na kukataa nauli. "Hao ndio waalikwa wako."

Nami nilialikwa. Chumba kimoja, mkeka, sinia mbili za wali, kuku wawili waliochinjwa na yule wa bodaboda mwenyewe, Mwislamu, ili sote tule bila wasiwasi. Kijana alisoma Zaburi ya 116 akisita kwenye maneno magumu. Hakukuwa na hotuba. Tulipomaliza, mifupa ikiwa imebaki kwenye sinia, akasema kwa aibu kidogo kwamba mama mzee amemwambia washukuru tena sasa. Yule wa bodaboda alikuwa ananawa. Akasema "Alhamdulillahi", akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi kukaa.

"Kumbe na nyie mnajua," akasema. "Mimi siku zote nilidhani mnashukuru kabla tu."